Pell inakufuata, haikutangulii: maswali ya kusoma ng'ambo ukiwa chuo cha jamii Marekani

Maswali haya nimeyakusanya kidogo kidogo: mezani jikoni, kwenye maegesho ya kanisa ibada ikiisha, na kwenye sauti za WhatsApp zinazoingia saa tano za usiku. Wanaouliza ni Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania na watoto wao waliokulia hapa Marekani, wanaosoma vyuo vya miaka miwili ambavyo wengi wetu tunaviita komyuniti. Tayari tuko ughaibuni. Wanachotaka kujua ni kama mtu anaweza kwenda ughaibuni wa pili, kwa muhula mmoja au wiki chache, bila kuuza gari, wakitumia Pell, ule msaada wa serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ambao si mkopo. Viwango vya fedha hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hakikisha na ofisi ya misaada ya chuo chako kabla ya kusaini chochote.

Kweli Pell inaweza kulipia masomo nje ya Marekani?

Inaweza, na si fadhila ya mtu ofisini. Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, ilivyorekebishwa mwaka 1992, inasema mwanafunzi anayestahili msaada wa serikali kuu anaendelea kuustahili akienda kusoma nje, ilimradi chuo chake mwenyewe kimeikubali programu ile kwa krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea digrii. Safari si lazima iwe sharti la digrii yako. Masomo utakayosoma huko, ndiyo, yanatakiwa kuhesabika kwenye digrii hiyo.

Chuo chako mwenyewe ndicho chenye ufunguo. Wengi huanza na tovuti ya kampuni inayopanga safari za wanafunzi, wanaona picha za Florence, wanalipa arubuni ya kushika nafasi, halafu ndipo wanakwenda ofisini kuuliza kama Pell itafanya kazi. Wakati mwingine jibu ni hapana na arubuni hairudi. Anza ofisini, picha utaziona baadaye.

Chuo changu ni kidogo, hakina hata ofisi ya safari. Nimuulize nani?

Anza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa sababu kwenye vyuo vidogo mtu mmoja hushughulikia wanaokuja na wanaokwenda. Ukimkosa, mtafute mwalimu wa lugha au wa historia ya sanaa. Mara nyingi ndio wanaoongoza vikundi vya kiangazi.

Vyuo vidogo pia huungana. Illinois, jimbo lililozaa chuo cha kwanza cha umma cha aina hii, Joliet, mwaka 1901, lina muungano wa vyuo vinavyopeleka wanafunzi pamoja ng'ambo. California kuna wilaya za vyuo zinazopeleka walimu wao wenyewe, na Santa Rosa Junior College imekuwa na mihula London na Florence. Faida ya programu ya namna hii ni kwamba krediti ni za chuo chako, karo ni ya chuo chako, na karatasi ni chache. California mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa kila yuniti, jina la krediti huko, na mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa hata hizo. Yuniti 12 ni dola 552. Kinachouma ni ada ya programu: nyumba, usafiri wa mjini, bima, ziara.

Ukitaka programu ya chuo kingine au ya kampuni, itabidi uandikiwe mkataba kati ya pande mbili, unaosema nani anatoa krediti na nani anatoa msaada. Chuo chako ndicho kinachotoa msaada. Huwezi kuchukua Pell vyuo viwili kwa wakati mmoja. Omba mkataba huo mapema, maana unapita meza tatu au nne, na kila meza ina mtu aliye likizo.

Nani hasa anastahili? Mimi si raia.

Raia wanastahili. Wenye grini kadi wanastahili. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wanastahili hata kabla ya grini kadi, kwa kuonyesha I-94 yao, ile rekodi ya kuingia Marekani. Wenye TPS (hifadhi ya muda) peke yake, wenye DACA (kinga kwa walioletwa wakiwa watoto bila karatasi), na walioingia kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 hawapati fedha za serikali kuu, ingawa baadhi ya majimbo yana msaada wao.

Zaidi ya karatasi za uhamiaji, lazima uwe umesajiliwa kwenye kozi inayoishia kwenye digrii au cheti, na uwe unakwenda vizuri darasani. Kila chuo kina kipimo chake. Kilichozoeleka ni wastani wa alama wa 2.0 kati ya 4.0 na kumaliza takriban theluthi mbili ya krediti unazoanza. Programu nyingi za ng'ambo zenyewe zinataka 2.5 kwenda juu.

Fomu ni FAFSA ile ile ya kuomba msaada wa serikali kuu, na ni bure. Ukiona mtu anakutoza kuijaza, ondoka. Kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa mwaka wa masomo unaofuata, na huangalia kodi ya miaka miwili nyuma: ya 2026–27 inatazama mapato ya 2024. Kama utaacha kazi ili usafiri, au mzazi amepunguziwa saa kazini, omba ofisi ya misaada ipitie upya hali yenu. Wana mamlaka hayo kisheria, ila hawatakufuata wewe kukuuliza.

Mimi ni mkimbizi. Nikitoka, nitaruhusiwa kurudi?

Rafiki yangu mmoja alipomwambia mama yake kwamba anataka kwenda kusoma nje miezi minne, mama aliweka sufuria chini, akamtazama. "Tulitoka kule na miguu. Sasa we unataka kutoka hapa na ndege?" Hakuwa anatania. Mtu aliyengoja kambini miaka kumi na tano apate karatasi hawezi kuona mtu anazichezea.

Kama bado una hadhi ya mkimbizi, au una grini kadi bila pasipoti ya nchi yoyote, utahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi. Huombwa kwa fomu I-131 ukiwa bado ndani ya Marekani, huchukua miezi, na hudumu mwaka mmoja. Usiondoke bila hati hiyo mkononi. Wala usitumie pasipoti ya nchi uliyoikimbia, na usipange masomo katika nchi hiyo. Afisa anaweza kuuliza kwa nini unarudi mahali ulikosema maisha yako yako hatarini. Hilo linaweza kukufuata hata ukiwa na grini kadi.

Halafu hesabu siku zako za uraia. Kwa njia ya kawaida ya miaka mitano unatakiwa uwe umekaa Marekani kimwili angalau miezi 30, na safari moja inayozidi miezi sita inavunja dhana kwamba makazi yako ni ya mfululizo. Muhula wa miezi minne hauvunji, ila siku zake zinatolewa kwenye hesabu. Kama umebakiza miezi michache uombe uraia, ushauri wangu ni kungoja: ukishaapa unapata pasipoti, na ukiwa na pasipoti unafunguliwa pia skolashipu ya Gilman, ambayo nitaifikia.

Amri za kuingia Marekani kwa watu wa baadhi ya nchi zetu zimekuwa zikibadilika haraka. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kununua tiketi. Mashirika mengi yaliyowapokea wakimbizi yana mwanasheria wa bei nafuu au wa bure. Mshauri wa masomo, hata awe mwema vipi, si mwanasheria.

Na viza ya huko ninakokwenda?

Raia wa Marekani anaingia Hispania au Italia siku 90 bila viza, lakini muhula mzima unazidi hapo, kwa hiyo hata yeye anahitaji viza ya mwanafunzi. Mwenye pasipoti ya Kongo au hati ya mkimbizi ategemee kuulizwa viza karibu kila mahali, hata kwa wiki tatu. Pasipoti ya kwanza ya Marekani kwa mtu mzima ni dola 165 jumla: 130 za pasipoti na 35 za kupokelewa fomu.

Pell ni kiasi gani, na inaongezeka kwa sababu ng'ambo ni ghali?

Kiwango cha juu cha 2025–26 ni dola 7,395 kwa mwaka, yaani 3,697 na senti kwa muhula mmoja ukiwa na krediti 12 au zaidi. Ukisoma krediti chache, inapungua kwa uwiano.

Pell haiongezeki ukienda Paris. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kinachoweza kuongezeka ni makadirio ya gharama zako, ile bajeti ambayo ofisi hutumia kama paa la msaada wote unaoruhusiwa kupata. Sheria inaruhusu gharama za busara za masomo ya nje ziingizwe humo: tiketi, nyumba, bima, viza. Paa likipanda, nafasi ya kuweka skolashipu na mikopo chini yake inapanuka. Paa halitoi fedha, linatoa ruhusa tu.

Tuseme programu ya muhula ni dola 9,800 pamoja na nyumba, tiketi 1,300, pasipoti na viza 400, chakula na mfukoni 1,500. Jumla 13,000. Pell kamili inatoa 3,697. Umepata skolashipu ya 4,000. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayehesabiwa chini ya wazazi anaruhusiwa kukopa serikalini hadi 6,500 kwa mwaka, basi nusu yake ni 3,250. Jumla umefika 10,947. Bado 2,053. Na mkopo haukufikii wote, maana hukatwa ada ya asilimia moja na kidogo kabla haujaingia.

Hizo 2,053 ndizo zinazoua safari nyingi, kuliko zile 13,000. Mtu anakaribia, anaona ufuo, anachoka.

Kuhusu mkopo: baadhi ya vyuo vya jamii vimejitoa kabisa kwenye mikopo ya serikali, kwa hiyo uliza kama chuo chako kimo. Kama kimo, chukua kwanza sehemu ambayo serikali inakulipia riba ukiwa masomoni. Mkopo wa benki kwa ajili ya safari, kwa maoni yangu, usichukue. Chagua programu fupi zaidi.

Fedha zinaingia lini?

Umechelewa kuuliza, kama nilivyochelewa mimi.

Chuo hakiruhusiwi kutoa fedha za serikali mapema kuliko siku 10 kabla ya muhula kuanza. Kikishazipokea kwenye akaunti yako kinakata karo yake, na kinachobaki, ndiyo rifandi, kinatakiwa kukufikia ndani ya siku 14. Ukiwa mwaka wa kwanza na ni mara yako ya kwanza kukopa, vyuo vingine vitakungojesha siku 30 baada ya masomo kuanza ndipo mkopo utoke. Linganisha na ratiba ya safari: arubuni miezi mitano kabla, ada ya programu miezi miwili kabla, tiketi miezi miwili au mitatu kabla, viza kabla ya yote. Pell inakufuata, haikutangulii.

Mimi nilikwenda Sevilla, Hispania. Karatasi moja ya chuo changu ilikuwa imelala kwenye meza ya mtu, na mimi sikuwa nimewapa namba ya akaunti ya benki, kwa hiyo hundi ilitumwa kwa posta kwenye apatimenti yetu Marekani. Dada yangu alinipigia video akiwa ameishika bahasha mbele ya kamera. "Imefika." Imefika kwake. Siku tisa nilikula mkate wa jana na maharage ya kopo, na mama mwenye nyumba, ambaye kwao chakula kikuu ni saa tisa alasiri, alianza kuniwekea sahani bila kuuliza. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu anayetuma hela, nikajifunza kulishwa.

Kabla hujaondoka, fanya haya. Weka malipo ya moja kwa moja benki na uhakikishe kadi yako inatoa hela nje. Omba ofisi ya misaada barua inayotaja kiasi kinachotarajiwa na tarehe, upeleke kwa wenye programu. Wengi wana fomu ya kuahirisha malipo kwa wanaotegemea msaada, ila lazima uiombe. Kama una mkopo, maliza mafunzo ya mkopaji na usaini hati ya ahadi ukiwa bado nyumbani. Muulize mkurugenzi wa ofisi ya misaada kama chuo kina mkopo mdogo wa dharura, maana vingi vinavyo na havitangazi. Tiketi, kwa kweli, utainunua wewe. Anza kuiwekea akiba siku unayopata wazo, au ingia mchezo wa upatu na uombe zamu ya mwezi wa tiketi.

Rifandi ikiingia, naweza kutuma nyumbani?

Hakuna polisi atakayekuja. Lakini hebu tuseme ukweli kati yetu. Rifandi ya muhula wa ng'ambo inaonekana kubwa kwa sababu haijalipa nyumba wala chakula cha miezi minne, na habari zake hufika Goma na Kigoma kabla wewe hujaziona. Simu zitalia. Shangazi anaumwa kweli, karo ya mdogo wako ni ya kweli pia.

Ulipe nyumba ya miezi yote kwanza, kwa mkupuo ikiwezekana. Kilichobaki gawa kwa wiki. Ukitaka kutuma, tuma kutoka kwenye fungu la wiki, si kutoka kwenye rundo. Na kama unajua hutaweza kusema hapana, usiseme kiasi.

Gilman ni nini?

Ni skolashipu ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, yenye jina la mbunge Benjamin Gilman wa New York, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2000 kwa ajili ya wanafunzi wenye Pell tu. Inatoa hadi dola 5,000, na wanaosoma lugha ambazo serikali inazihesabu kuwa muhimu wanaweza kufika 8,000. Wanafunzi wa vyuo vya miaka miwili wanakaribishwa kabisa, na kwa kuwa wachache wetu huomba, usijitoe mwenyewe. Waombaji hupokelewa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida mwisho ukiwa mapema Oktoba na mapema Machi. Ombea msimu unaotangulia safari yako mbali kidogo.

Sharti gumu: raia tu. Grini kadi haitoshi. Na nchi unayokwenda isiwe kwenye daraja baya la tahadhari za usafiri za wizara hiyo, kwa hiyo angalia daraja kabla ya kuandika insha.

Insha ndiyo inayoamua. Nimesoma rasimu nyingi za vijana wetu, na karibu zote zinaanza kambini. Sikatai, kambi ni kweli. Lakini msomaji anataka kujua kwa nini programu hii, mji huu, na utafanya nini ukirudi, kwa sababu unatakiwa kupendekeza mradi wa kuwaeleza wengine kuhusu skolashipu hii. Binti mmoja anayesomea uuguzi aliandika aya nzima kuhusu kumtafsiria bibi yake kwa daktari akiwa na miaka kumi na mbili, na neno moja la dawa alilolikosea. Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye kozi ya afya ya jamii aliyotaka kuisoma. Hakuomba huruma hata mstari mmoja, na alipata.

Sina uraia bado. Nimebaki na nini?

Pell yako inabaki pale pale. Kuna mfuko wa Fund for Education Abroad, unaopokea pia wenye grini kadi. Kuna wakfu wa chuo chako, ambao mara nyingi una skolashipu za dola 500 au 1,000 zisizoombwa na mtu mpaka mwaka unaisha. Kuna klabu za Rotary za mtaani kwenu. Na kuna makanisa na misikiti yetu, ambayo huchangia harusi na misiba kwa jioni moja lakini haijazoea kuombwa tiketi ya mwanafunzi. Izoeze.

Nikienda Tanzania au Kenya kusoma Kiswahili, si nitakuwa nadanganya?

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko unavyodhani. Aliyekulia Ohio akisikia Kiswahili cha mama yake wa Uvira anaelewa kila kitu, lakini mpe gazeti la Dar es Salaam asome kwa sauti utaona jasho. Vyuo vina jina kwa mtu huyu, mwanafunzi wa lugha ya urithi, na kuna mtihani wa kumpanga ngazi. Sema ukweli kwenye mtihani huo. Ukijifanya hujui ili upate alama rahisi za darasa la kwanza, utachoka wiki ya pili, na mwalimu wa Arusha atakugundua siku ya kwanza kwa jinsi unavyosalimia.

Kama Kiswahili chako kimekamilika, chagua somo jingine katika nchi hizo: ikolojia ya pwani Zanzibar, afya ya jamii, historia. Lugha itakuwa faida yako juu ya wenzako, kwa sababu wao watahitaji mkalimani sokoni. Umekuja kwa krediti, kwa hiyo somo lihesabike.

Kiangazi tu inatosha? Nina kazi na watoto.

Inatosha, na kwa wengi wa komyuniti ndiyo njia pekee. Tangu mwaka 2017 mwanafunzi aliyekwisha tumia Pell ya mihula miwili anaweza kupata nyongeza ya kiangazi, hadi jumla ya asilimia 150 ya mgao wa mwaka. Kupata nyongeza hiyo unatakiwa uwe na angalau nusu ya mzigo kamili wa masomo, kwa kawaida krediti 6, na programu nyingi za wiki tatu zina krediti 3 tu. Ongeza somo la mtandaoni la chuo chako kiangazi hicho hicho, ofisi ikikubali kuyahesabu pamoja. Gharama ya kulelewa watoto inaweza kuingizwa kwenye bajeti yako. Wachache wanajua kuiomba.

Nikila Pell huko, nitakosa nikihamia chuo cha miaka minne?

Pell ina kikomo cha maisha: sawa na miaka sita ya masomo kamili, yaani mihula 12. Muhula mmoja wa ng'ambo unakula mmoja, kama ambavyo ungekula ukibaki. Hatari halisi ni krediti zisizohamishika. Kabla ya kwenda, pata kwa maandishi kwamba masomo hayo yatapokelewa na chuo unachotaka kuhamia. Si "nadhani yatapokelewa".

Naweza kubaki huko nimalizie digrii?

Hapo unakuwa mwanafunzi wa chuo cha kigeni, na Pell haiendi vyuo vya kigeni. Mikopo ya serikali inaweza kwenda, kama chuo hicho kimo kwenye orodha ya wizara ya elimu ya Marekani. Ni uamuzi tofauti kabisa.

Niko hapa kwa F-1 kutoka Nairobi. Nami naweza?

Kusoma, huenda; kwa fedha za serikali kuu, hapana. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya lolote, kwa sababu kukaa nje zaidi ya miezi mitano kunaweza kufunga rekodi yako ya F-1 kama hukuandikishwa ipasavyo.

Nikiumwa au nikiacha katikati?

Ukiacha kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula, sehemu ya msaada inarudishwa serikalini na chuo kinaweza kukudai wewe. Wakati huo ada ya programu imeshaliwa. Mpigie mtu wa misaada kabla ya kumpigia wa ndege.

Pell inatozwa kodi?

Iliyolipa karo na vitabu vya lazima, hapana. Iliyolipa nyumba, chakula na tiketi inahesabika kama mapato. Wengi wetu mapato yetu ni madogo mno kufika kulipa kitu, lakini tunza risiti.

Nikirudi, kuna kitu cha kufanya?

Transkripti, ile hati rasmi ya matokeo yako. Vyuo vya nje vingi hutoa matokeo wiki nyingi baada ya muhula, na chuo chako kikiangalia rekodi Januari kitaona krediti 12 ulizoanza na sifuri ulizomaliza. Mfumo unakusimamishia msaada wa muhula unaofuata wenyewe, bila mtu kukuchukia. Kabla ya kuondoka huko, nenda kwenye ofisi yao ya kumbukumbu, jaza ombi la transkripti, lipa, uliza itatoka tarehe gani, na upige picha risiti. Omba pia barua fupi ya mwalimu inayosema umemaliza. Ukitua, ipeleke ofisi ya misaada mwenyewe, mkononi, asubuhi mapema kabla foleni haijajaa.